Gundi ndiyo siri ya uimara wa tembe za dawa

WAKAZI wengi wa Kayole, Umoja na Dandora, jijini Nairobi, hununua tembe za kutuliza maumivu mbili mbili au nne nne, zikihesabiwa kutoka mkebe mkubwa na kutiwa katika bahasha ya karatasi. Chini ya mkebe huo aghalabu hubaki unga mweupe. Unga huo ni dawa iliyopotea, na anayeuziwa tembe iliyomeguka hupata kipimo pungufu pasipo kujua.

Kinachozuia hasara hiyo ni gundi inayochanganywa na dawa kiwandani. Parasetamoli ni mfano mzuri, kwa kuwa ni dawa sugu kugandamizwa. Fuwele zake hubonyea chini ya mashine, kisha hutaka kurejea umbo lake shinikizo linapoondolewa. Bila gundi ya kutosha, sehemu ya juu ya tembe hubanduka kama kifuniko cha sufuria.

Gundi ya kale na rahisi ni wanga wa mahindi au wa viazi, unaopikwa hadi kuwa uji mzito. Uji huo huchanganywa na unga wa dawa, mchanganyiko ukapitishwa kwenye chujio na kukaushwa kuwa chembechembe, ndipo ukagandamizwa. Jelatini na povidoni hufanya kazi iyo hiyo. Povidoni huhitajika kwa kiasi kidogo, yapata asilimia 2 hadi 5 ya uzito wa tembe. Gundi ya mgunga, ambayo wafugaji wa Turkana na Marsabit huikusanya mitini, hutoa tembe ngumu mno zinazochelewa kuyeyuka.

Hapo ndipo penye mtihani wa mtengenezaji. Gundi ikipungua, tembe husagika njiani. Ikizidi, huweza kupita tumboni kabla ya kuachilia dawa yote. Ajabu ni kwamba wanga uo huo, ukiongezwa ukiwa mkavu, hufyonza maji na kuipasua tembe. Kwa hivyo hutumiwa kushikanisha na pia kutenganisha.

Maabara hupima pande zote mbili. Tembe huzungushwa ndani ya pipa dogo mara 100 kwa dakika 4, zikianguka kila mzunguko, na hazipaswi kupoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake. Nyingine hutiwa katika maji ya nyuzijoto 37; zisizopakwa ganda sharti zisambaratike katika dakika 15, kwa mujibu wa vipimo vya Uingereza.

Hata hivyo, tembe iliyofaulu kiwandani yaweza kudhoofika dukani. Povidoni hunyonya unyevu wa hewa, na mkebe unaoachwa wazi kutwa nzima msimu wa masika hulainisha kilichomo. Mzazi anayeikata tembe kama hiyo ili ampe mtoto nusu hubaki na vipande viwili visivyolingana, na unga kwenye kisu.