Wanaredio wa ridhaa wanavyonasa mawimbi hafifu kutoka ng'ambo ya bahari

MNAMO Desemba 12, 1901, Guglielmo Marconi alisema kwamba akiwa Signal Hill, Newfoundland, alisikia herufi S iliyorushwa kwa alama za Morse kutoka Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza. Nukta hizo tatu zilirushwa na mtambo wenye nguvu za maelfu ya wati. Zaidi ya karne moja baadaye, wako watu wanaovusha alama kama hizo juu ya bahari hiyo hiyo ya Atlantiki kwa mawimbi marefu yenye nguvu isiyozidi wati moja. Siri yao ni subira.

Hao ni wanaredio wa ridhaa, yaani raia wenye leseni za kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila nia ya biashara.

Mawimbi marefu hayakuwa yao kwa miaka mingi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma hadi kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kwenda chini, ambayo wakati huo yalidhaniwa kuwa hayana faida. Walakini, Desemba 1921 ishara za wanaridhaa wa Marekani zilinaswa Ardrossan, Scotland, na punde ikabainika kwamba mawimbi mafupi yaweza kuizunguka dunia.

Safari ya kurejea kwenye masafa ya chini ilishika kasi miaka ya tisini. Uingereza iliwaruhusu wanaridhaa wake kutumia kilohezi 73 mwaka 1996, kibali kilichoondolewa mwaka 2003, na kilohezi 136 mwaka 1998. Mapema mwaka 2001, Uingereza na Canada ziliwasiliana kwa masafa hayo ya 136. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Geneva mwaka 2007 uliidhinisha masafa hayo kwa wanaridhaa ulimwenguni, kwa sharti kwamba nguvu inayotoka kwenye antena isizidi wati moja. Marekani iliwafungulia raia wake mlango mwaka 2017.

Antena kubwa kuliko jumba

Katika kilohezi 136, wimbi moja lina urefu wa takriban mita 2,200. Antena ya robo ya wimbi ingehitaji mlingoti wa mita 550, zaidi ya mara tano ya kimo cha jumba la KICC jijini Nairobi. Kwa kuwa hakuna mwanaridhaa awezaye kumudu hayo, aghalabu hutundika waya kwenye milingoti ya mita 10 au 20 na kuuongezea koili kubwa. Sehemu kubwa ya umeme hupotea kama joto, hivi kwamba mtambo wa mamia ya wati waweza kutoa wati moja tu angani.

Hata hivyo, mawimbi haya yana faida yake. Huambaa na uso wa dunia, na usiku huakisiwa na tabaka za juu za anga na kufika mbali.

Haraka haraka haina baraka

Tatizo kuu ni kelele. Kelele ni kama mvua inayonyesha kila mahali, na ishara ni kama maji ya mfereji yanayodondoka mahali pamoja. Ukitega mtungi wenye mdomo mwembamba chini ya mfereji, maji yote ya mfereji huingia ilhali matone ya mvua yanayopenya ni machache. Lakini kadiri mdomo unavyokuwa mwembamba, ndivyo ujumbe unavyolazimika kwenda polepole.

Kwa kasi ya kawaida ya maneno 12 kwa dakika, herufi S huchukua nusu sekunde. Wanaridhaa hurefusha kila nukta hadi sekunde 60, na herufi hiyo ikachukua dakika tano. Kasi imepungua mara 600, na kelele zinazopenya zaweza kupunguzwa kwa kiwango hicho hicho. Kwa hivyo, wati moja hufanya kazi ya wati 600.

Sikio haliwezi kusikia ishara ya namna hiyo. Tarakilishi ndiyo huichora kwenye skrini, mstari mwembamba ukijitokeza taratibu. Mwaka 2008, Joseph Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993, alitoa programu ya WSPR inayotuma ujumbe mfupi kwa takriban dakika mbili na kuusoma hata ukiwa umezama ndani ya kelele. Mwaka 2014, ishara ya kilohezi 8.971 kutoka North Carolina, Marekani, ilitambuliwa Todmorden, Uingereza.

Radi na chaja

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki kazi ni ngumu zaidi. Radi ndicho chanzo kikuu cha kelele za asili katika masafa haya, na bonde la Congo ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani.

Adui wa pili ameletwa na binadamu. Chaja za simu, taa za LED na vifaa vya umeme wa jua visivyoundwa vyema hutoa uchafu unaofunika ishara hafifu. Radi hupungua msimu unapobadilika. Chaja huongezeka kila mwaka. Mwenye kutaka kusikia hulazimika kwenda mbali na makazi, akiwa na betri.

Anayetaka kujaribu hahitaji mali nyingi. Kituo cha Grimeton nchini Sweden, kilichoanza kazi mwaka 1924 na kuingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2004, bado hutumia jenereta ya Alexanderson kurusha salamu kwa kilohezi 17.2, hasa mkesha wa Krismasi. Masafa hayo ni ya chini mno hivi kwamba koili ya waya iliyounganishwa na kadi ya sauti ya tarakilishi, pamoja na programu ifaayo, yaweza kutumika kama redio ya kuyapokea.