Besi na Kina cha Sauti
Sisi wa Mlowo tu mbali na pwani, lakini twaijua taarabu ya Zanzibar na besi, ile fidla kubwa isimamishwayo, inayoubeba uzito wa wimbo. Uzi wake mnene kuliko yote, katika nyuzi nne, hutoa noti ya E, yapata mitetemo 41 kwa sekunde. Watunzi wa Ulaya walipoitaka C, yapata mitetemo 33, mafundi waliongeza uzi wa tano, au waliurefusha ule wa nne kwa kadiri ya robo, ukapita shingo hadi kichwani. Mkazo ukiwa uleule, uzi mrefu hushusha sauti. Hata hivyo, besi ilibaki besi. Vijana na wazingatie: urithi hauvunjwi kwa kurefushwa, bali kwa kukosa mpigaji.