Contio, Comitia na Mkutano wa Kijiji

Tuchukue kijiji chochote cha upande wa Kibakwe, katika Wilaya ya Mpwapwa. Mbiu inapigwa kwamba kesho asubuhi kuna mkutano. Neno hilo moja laweza kuwa na maana tatu. Huenda ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, kama ulivyowekwa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Huenda ni halmashauri ya kijiji, ambayo kwa sheria hiyo hiyo ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Tena huenda ni mkutano wa hadhara tu, ambapo kiongozi amepita kuzungumza na wananchi. Mwandishi wa muhtasari akiandika "mkutano uliafiki" na kuishia hapo, mfasiri na hakimu watakaousoma baadaye hawatajua ni nani aliyeafiki. Jambo hili si dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Shamba la mtu laweza kupotea au kupona kwa sababu ya neno lililoachwa nusu.

Warumi wa kale walikuwa na tatizo la namna hii, nao walilikabili kwa kutenga maneno. Mkusanyiko ulioitwa na mwenye madaraka ili watu wasikilize hotuba, kisha waende zao, waliuita contio, neno lililofupika kutoka coventio, yaani kujia pamoja. Katika contio hapakuwa na kura. Mkusanyiko wa kupiga kura uliitwa comitia, na humo watu walipangwa kwa makundi yao, kila kundi likitoa kura yake. Linalotupendeza zaidi ni kwamba watu waliweza kuwa ni wale wale, siku ile ile. Kwanza walisimama wakichanganyika, wakasikiliza. Kisha mwenye kusimamia akawaamuru watengane, kila mtu aende katika kundi lake. Kwa amri hiyo contio ilikoma, na shughuli ya comitia ikaanza. Msikilizaji akawa mwamuzi, na hakuna aliyeweza kudai kwamba makofi aliyopigiwa msemaji yalikuwa kura.

Neno la tatu, concilium, asili yake ni kuita watu pamoja, na kwa matumizi yake makali lilihusu mkusanyiko wa sehemu tu ya raia. Ndiyo sababu mkutano wa watu wa kawaida, bila wale wa koo za kikabaila, uliitwa concilium plebis. Maamuzi yake yaliwafunga raia wote tangu Sheria ya Hortensius ya mwaka 287 K.K. Ama senatus, shina lake ni senex, mzee. Wajumbe wake walikuwa kama 300 kwa muda mrefu, hata Sulla alipowaongeza kufikia kama 600. Kwa sheria kazi yao ilikuwa kutoa ushauri, lakini ushauri huo ulikuwa mzito kuliko amri nyingi. Hapa Mswahili hahitaji kuelezwa sana, kwani halmashauri nayo imebeba ndani yake neno mashauri, na hata hivyo kuna halmashauri zilizofanya mengi zaidi ya kushauri. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mwezi Januari 1967.

Msomaji ataona pia kwamba Kilatini huweka dhana ya "pamoja" mwanzoni mwa neno: con-venire, con-gredi. Kiswahili huiweka mwishoni mwa kitenzi kwa kiambishi -ana: kuta, kutana, mkutano, hali kadhalika kongamana, kongamano. Kwa hiyo anayetafsiri neno lenye con- hana haja ya kukimbilia kutohoa. Chombo anacho tayari katika sarufi.

Mara nyingine mahali huwapa jina waliokaa hapo. Comitium kilikuwa kiwanja kando ya Forum, na Forum yenyewe ilikuwa uwanja wa soko kabla haijawa uwanja wa hotuba. Baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba ya pwani, wanapobarizi wanaume jioni. Kibao hicho kimepanda cheo mpaka likapatikana Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 1980, na mabaraza ya kata kwa sheria ya mwaka 1985. (Sisi wa Baraza la Kiswahili, lililoundwa mwaka 1967, tumo kibaoni humo humo.) Wenzetu wa Kenya wameufanya uwanja wa Kamukunji wa Nairobi kuwa jina la mkutano usio rasmi, na hiyo ndiyo njia ile ile ya Forum.

Tahadhari moja kuhusu sauti. Kamati yafanana na comitia, lakini haikutoka huko. Inatokana na committere, kukabidhi, kwa kupitia Kiingereza. Semina na seminari ni ndugu wa tumbo moja, kwani zote ni seminarium, kitalu cha miche. Moja imetufikia kwa mlango wa vyuo, nyingine kwa mlango wa kanisa.

Turudi kijijini. Katika contio na comitia Warumi walisimama, nao wazee wa senatus walikaa. Cicero aliwalaumu Wayunani kwa kuamua mambo wakiwa wameketi. Kwetu kikao, kutokana na kaa, chafaa kubaki jina la halmashauri na kamati, yaani watu wachache waliotajwa kwa majina. "Mkutano mkuu wa kijiji" uandikwe kwa maneno yote manne kila unapoamua jambo, pamoja na idadi ya waliohudhuria. "Mkutano wa hadhara" ubaki kwa hotuba na maswali. Ikiwa mgeni amemaliza kuzungumza na wanakijiji wakaendelea na uamuzi palepale, na mkutano mkuu ulikuwa umeitishwa kwa utaratibu wake, mwandishi apige mstari, aandike saa, aanze kichwa kipya, kisha ahesabu watu upya, kwa kuwa baadhi yao ni wa kijiji jirani waliokuja kumsikiliza mgeni.