Moto na Udongo: Prometheus katika Riwaya ya Mary Shelley

Riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein, ilichapishwa London mnamo Januari 1818 bila ya jina la mtunzi. Anwani yake ya pili ilimtaja Prometheus wa kisasa. Aghalabu wasomaji huipita anwani hiyo kana kwamba ni pambo tu. Hata hivyo, uhusiano wa riwaya hii na kisasili cha Wayunani ukichunguzwa kwa makini, hubainika kwamba anwani hiyo imebeba hoja, tena hoja yenye shutuma.

Watu wa kale walimsimulia Prometheus kwa namna mbili. Kwa Hesiod, na baadaye katika tamthilia ambayo kwa desturi huhusishwa na Aeschylus, yeye ni mwizi wa moto: aliuiba kwa Zeus akawapa wanadamu, akatiwa minyororo, na kwa Hesiod tai akawa anamla ini, nalo likiota upya kila usiku. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, yeye ni mfinyanzi aliyechanganya udongo na maji akamuumba mtu. Mary Shelley alizisuka simulizi hizi mbili pamoja. Victor Frankenstein anaunda mwili kwa viungo vya maiti, kisha anautia cheche ya uhai. Cheche hiyo inakumbusha sayansi ya zama zile, kwani mwaka 1803 Giovanni Aldini alikuwa ameonyesha London jinsi umeme unavyoitikisa maiti ya mhalifu aliyenyongwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba riwaya hii ilianza kutungwa karibu na Geneva mwaka 1816. Mwaka huo huo Byron alitunga shairi juu ya Prometheus. Na mwaka 1820 Percy Shelley, mumewe Mary, alichapisha tamthilia ya kishairi, Prometheus Unbound. Kwa washairi hao wawili, Prometheus alikuwa shujaa aliyepinga udhalimu. Mary aliuliza swali ambalo wao hawakulitilia mkazo: je, aliyeumbwa alipatwa na nini?

Hapo ndipo simulizi zinapoachana. Prometheus aliteswa kwa kuwapenda wanadamu. Victor anateswa kwa kumkimbia kiumbe wake usiku ule ule alipofumbua macho. Kiumbe huyo hapewi hata jina. Moto anaukuta mwenyewe msituni, umeachwa na ombaomba. Anafurahia joto lake, anatia mkono kwenye makaa, anaungua. Hana wa kumfundisha.

Maisha ya mtunzi yanaitia uzito hoja hii. Mamake alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797. Mwaka 1815 mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa mchanga, na Mary akaandika katika shajara kwamba aliota wamemsugua mbele ya moto, akahuika. Moto wa ndoto hiyo ni wa mzazi anayetamani kulea.

Hatimaye, Prometheus alifunguliwa na Herakles. Victor hana mkombozi: anafia merikebuni kwenye barafu ya kaskazini, naye kiumbe anaapa kujiteketeza kwa moto. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa kipimo hicho, kosa kuu la Victor lilitendeka baada ya kuumba, pale alipokimbia.