Riwaya ya Jane Eyre Mbele ya Wasomaji Wake, 1847–1985

Utangulizi

Tunapofundisha historia ya fasihi, desturi yetu ni kuanza na mwandishi: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliandika vitabu vingapi. Kisha tunakigeukia kitabu chenyewe tukakichambua fani na maudhui. Anayesahauliwa ni msomaji. Hali yeye ndiye anayekipa kitabu maisha, na aghalabu hukipa maisha ambayo mwandishi hakuyatazamia. Katika makala haya tumekusudia kuifuata historia ya riwaya moja kwa upande wa wale walioisoma. Tumeichagua Jane Eyre ya Mwingereza Charlotte Brontë, maana wasomaji wake wameacha ushahidi mwingi ulioandikwa, na hadi leo hawajapata kuafikiana.

Kwa faida ya wasioisoma, kisa chake kwa ufupi ni hiki. Jane ni yatima anayelelewa kwa ukatili na mke wa mjomba wake, kisha anapelekwa katika shule ya maskini ambako watoto wanashinda na njaa na kufa kwa maradhi. Akiwa na umri wa miaka 18 anaajiriwa kuwa mwalimu wa nyumbani katika jumba la Thornfield, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Humo usiku husikika kicheko cha kutisha, na mara moja moto unazuka chumbani kwa mwenye nyumba, Bwana Rochester. Mwalimu na mwajiri wake wanapendana. Siku ya harusi, mbele ya kasisi, inafichuka kwamba Rochester anaye mke, Bertha, mwendawazimu aliyefungiwa ghorofa ya tatu. Jane anakimbia. Baadaye anarithi mali, na anaporudi anakuta jumba limeteketea, Bertha amekufa, na Rochester ni kipofu aliyepoteza mkono mmoja. Wanaoana.

Jumba la kale, siri nyuma ya mlango uliofungwa, hofu ya usiku: hizo ni alama za riwaya za kigothi, ambazo Waingereza walikuwa wakizisoma tangu karne ya 18. Jambo geni lilikuwa kwamba anayesimulia ni mtumishi asiye na mali wala sura nzuri, naye anathubutu kumwambia bwana wake kwamba nafsi zao ni sawa.

Bei ya kitabu na aina ya wasomaji

Riwaya hii ilichapishwa London mwezi Oktoba 1847 na kampuni ya Smith, Elder, katika juzuu tatu. Bei yake ilikuwa shilingi 31 na peni 6. Tuupime uzito wa bei hiyo. Mwaka 1841 Charlotte Brontë mwenyewe alipokuwa mwalimu wa nyumbani alilipwa pauni 20 kwa mwaka, na katika hizo alikatwa pauni 4 za kufuliwa nguo. Kabla ya makato, mshahara huo ni kama shilingi 33 kwa mwezi. Kwa hiyo mwalimu wa nyumbani aliyetaka kununua riwaya iliyomhusu yeye mwenyewe angalihitaji kutoa karibu mshahara wake wa mwezi mzima.

Basi wengi hawakuinunua. Walijiunga na maktaba za kulipia ada, wakaazima juzuu moja baada ya nyingine. Kadhalika vitabu vilisomwa kwa sauti sebuleni, baba, mama na mabinti wakisikiliza pamoja. Hapana budi tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa linaeleza ukali wa baadhi ya shutuma. Mhakiki wa siku zile alijiuliza kama kitabu ni kizuri, akajiuliza pia kama kinafaa kusikiwa na binti mbele ya baba yake.

Homa ya mwaka 1848

Msomaji wa kwanza kushindwa kukiweka kitabu chini alikuwa mchapishaji mwenyewe, George Smith. Alianza kuusoma mswada asubuhi ya Jumapili. Akavunja ahadi ya kwenda kupanda farasi na rafiki yake, na kabla ya kulala alikuwa ameumaliza. Mwandishi mashuhuri Thackeray alipopelekewa nakala alilalamika, kwa furaha, kwamba kimemharibia siku nzima ya kazi. Toleo la pili lilitoka Januari 1848, na la tatu Aprili mwaka huo huo. Mapema mwaka 1848 tayari mchezo wa kuigiza uliotokana na riwaya hiyo ulionyeshwa katika ukumbi mmoja wa London uliopendwa na watu wa kawaida, na huko Marekani mhakiki mmoja aliandika kwa mzaha kwamba majimbo ya New England yamepatwa na homa ya Jane Eyre. Hata ikulu haikusalimika. Mwaka 1858 Malkia Victoria aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa akimsomea mumewe kitabu hicho.

Kilichowavutia wasomaji hao ni nini? Siri ya jumba ilikuwa na sehemu yake. Lakini wengi walitaja ukweli wa sauti inayosimulia. Ukurasa wa kwanza ulidai kwamba kitabu ni maisha ya Jane yaliyoandikwa na yeye mwenyewe na kuhaririwa na mtu aitwaye Currer Bell. Jina hilo lilikuwa la kubuni, na halikuonyesha kama mwenyewe ni mume au mke. Hapo ndipo mabishano yalipopata mlango.

Shutuma

Shutuma iliyokumbukwa zaidi ilitoka Desemba 1848 katika jarida la Quarterly Review. Haikutiwa sahihi, lakini mwandishi wake alikuwa Elizabeth Rigby, mwanamke msomi. Alikiri kwamba riwaya ina nguvu, kisha akaihukumu kuwa inakwenda kinyume cha Ukristo, kwa sababu Jane hanyenyekei wala haridhiki na nafasi aliyopewa na Mungu. Akaongeza kwamba roho iliyomo kitabuni ni ile ile iliyopindua serikali za Ulaya na kuwachochea wafanyakazi nyumbani.

Maneno hayo yatazamwe pamoja na mwaka yalipoandikwa. Mwezi Februari 1848 mfalme wa Ufaransa alikuwa ameangushwa, na mapinduzi yakaenea hadi Vienna na Berlin. Mwezi Aprili maelfu ya wafanyakazi wa Uingereza walikusanyika London kudai haki ya kupiga kura kwa mujibu wa Hati ya Watu. Mabwanyenye walikuwa na hofu. Msomaji mwenye hofu ya namna hiyo alipomsikia mwalimu wa nyumbani akidai usawa na bwana wake hakuyaona mapenzi, aliona uasi. Tena makala ya Rigby iliichambua riwaya pamoja na taarifa ya mwaka 1847 ya chama cha kuwasaidia walimu wa nyumbani waliofikwa na dhiki. Mwenyewe aliwahurumia walimu hao, ila alitaka hadhi yao ibaki pale pale ilipokuwa. Huruma ilikuwapo, usawa haukuwapo.

Mwandishi alikuwa amekwisha wajibu wakosoaji wa mwanzo katika dibaji ya toleo la pili, akiwaonya wasichanganye desturi za wakubwa na uadilifu. Shutuma ya Rigby ilimfikia katika majonzi makubwa: kaka yake Branwell alifariki Septemba 1848, mdogo wake Emily akafariki Desemba, na mdogo wa mwisho, Anne, akafuata Mei 1849. Aliandika jibu akitaka liwe dibaji ya riwaya yake iliyofuata. Wachapishaji walikataa kulitoa.

Nani kaandika?

Swali la pili lililowashughulisha wasomaji lilikuwa la jinsia ya mwandishi. Rigby alidai kwamba makosa yaliyomo kuhusu mapishi na mavazi ya wanawake yanathibitisha kuwa mwandishi ni mwanamume. Na kama ni mwanamke, basi ni yule ambaye kwa sababu nzuri wanawake wenzake wamekwisha mtenga. Wengine walizusha porojo. Charlotte alikuwa amemtunukia Thackeray toleo la pili bila kujua kwamba mke wa bwana huyo alikuwa na maradhi ya akili. Mara ikasemekana London kwamba Currer Bell alikuwa mwalimu nyumbani kwa Thackeray, na kwamba Rochester ni yeye.

Lakini mfano ulio bora, na wenye kuumiza zaidi, ni wa mhakiki G. H. Lewes. Mwezi Desemba 1847, akiwa hajui mwandishi ni nani, aliisifu Jane Eyre kwa kuwa imechimbuka katika maisha ya kweli. Mwezi Januari 1850, alipokuwa ameshajua kwamba ni mwanamke, aliihakiki riwaya ya Shirley ya mwandishi yule yule, akaanza kwa kujadili uwezo wa wanawake katika fasihi na wajibu wao wa kulea watoto. Charlotte alimwandikia barua fupi ya uchungu, akisema kwamba adui anaweza kujihadhari naye, lakini katika rafiki wa namna hiyo anamwomba Mungu amwokoe. Mizani ilikuwa imebadilika, na kilichoibadili ni jina.

Charlotte aliolewa mwaka 1854 na akafariki Machi 1855. Miaka miwili baadaye mwandishi Elizabeth Gaskell alitoa wasifu wake, na usomaji ukageuka tena. Sasa watu waliipekua riwaya kama waraka wa ushahidi. Gaskell alieleza kwamba shule ya riwayani ni ile ya Cowan Bridge, ambako dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua na kisha kufariki mwaka 1825. Watetezi wa mwanzilishi wa shule hiyo, kasisi Carus Wilson, walikuja juu magazetini, na toleo la tatu la wasifu likalazimika kurekebishwa. Tangu hapo huruma kwa mwandishi ilizima lawama nyingi. Aliyeitwa mwasi akawa binti mvumilivu wa kasisi. Kwa maoni yetu, heshima hiyo nayo ilikuwa na hasara yake, kwani iliwafanya wasomaji waililie familia na kuyasahau madai ya Jane.

Mwanamke wa ghorofa ya tatu

Kwa takriban miaka mia wasomaji hawakujishughulisha sana na Bertha. Walimwogopa, wakafurahi alipokufa, wakaendelea na harusi. Bertha alitoka Jamaika, mji wa Spanish Town. Alikuwa binti wa mfanyabiashara na mwenye mashamba, na Rochester alipomwoa alipata pauni 30,000. Mali ya namna hiyo visiwani ilitokana na jasho la watumwa, ambao Waingereza waliwafungua kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834.

Msomaji aliyekataa kuendelea na harusi ni Jean Rhys, aliyezaliwa kisiwani Dominica mwaka 1890 na kwenda Uingereza mwaka 1907. Mwaka 1966 alitoa riwaya ya Wide Sargasso Sea, ambamo mke yule anasimulia utotoni mwake na ndoa yake. Jina lake la kweli ni Antoinette. Bertha ni jina alilobandikwa na mumewe. Hivyo Rhys alijibu kitabu kwa kitabu. Mwaka 1979 wahakiki wawili wa Marekani, Sandra Gilbert na Susan Gubar, walimtazama Bertha kuwa kivuli cha hasira ya Jane mwenyewe, yaani hasira ambayo mwanamke wa karne ile hakuruhusiwa kuionyesha. Naye Gayatri Spivak, msomi aliyezaliwa Calcutta, mwaka 1985 aliwakosoa wale walioishia katika ukombozi wa Jane peke yake. Hoja yake ni kwamba mwanamke mmoja wa Ulaya anapata utu wake kwa sharti kwamba mwanamke wa koloni ajichome moto.

Kitabu ni kile kile. Mwaka 1848 kiliogopwa kwa kudai usawa mno. Mwaka 1985 kililaumiwa kwamba usawa wake haukufika mbali.

Fundisho kwa walimu wa fasihi

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Rigby aliivuta upande wa nidhamu ya tabaka lake, Lewes upande wa jinsia yake, Rhys upande wa kisiwa alikozaliwa. Haifuati kwamba kila msomaji yu sawa. Dai la Rigby kuhusu mwandishi mwanamume lilikuwa kosa la wazi. Lakini swali alilouliza Rhys lilikuwamo kitabuni tangu mwanzo, katika chumba kilichofungwa, likingoja msomaji mwenye sababu ya kuufungua mlango.

Nasi tunaokaa mbele ya madarasa yenye wanafunzi wa makabila na hali mbalimbali tunalo la kujifunza hapa. Mwanafunzi anapotoa maoni yasiyolingana na mwongozo, mara nyingi kalamu nyekundu hutangulia kabla ya sikio. Yafaa tumwulize kwanza ni neno gani katika kitabu lililompeleka huko. Akilionyesha, tumsikilize na tumpime kwa ushahidi huo; asipolionyesha, tumrudishe kitabuni. Mtihani unaotaka jibu moja juu ya kila mhusika ungalimpa Rhys alama ya sifuri, na wasomaji wangalibaki ghorofa ya chini wakila karamu ya harusi.