Makarani, Walimu na Ukurasa wa Mashairi

Katika mihutasari ya vyuo vyetu, historia ya fasihi ya Kiswahili husomwa kwa vitabu. Tunaanza na tenzi za Pate na Lamu, tunafika kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, tunakwenda kwa Shaaban Robert, kisha kwa Kezilahabi na Ebrahim Hussein, na kila jina tunalibandika kitabu na mwaka. Utaratibu huu una urahisi wake, kwa kuwa kitabu kina jalada na mchapishaji, na hupatikana kwenye rafu ya maktaba. Hata hivyo, unaficha jambo kubwa. Kwa karibu nusu karne, sehemu iliyo hai kuliko zote ya fasihi ya Kiswahili ya Tanganyika haikuwamo vitabuni. Ilikuwa magazetini, na walioitunga hawakuwa waandishi kwa maana tunayoitumia leo. Walikuwa makarani, walimu, maliwali na wafanyabiashara wadogo, watu waliotunga jioni baada ya kazi na kupeleka tungo zao kwa posta bila kutarajia malipo.

Ningependa tuitazame historia hiyo kwa makini, kwa sababu naamini tumeipa tafsiri isiyo sahihi, na sisi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu katika upotoshaji huo.

Gazeti la Mambo Leo lilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1923, likatoka kila mwezi chini ya idara ya elimu. Halikuwa la kwanza kuwapa wenyeji nafasi ya kuandika. Katika enzi ya Wajerumani, Kiongozi la Tanga lilipokea habari na tungo za walimu na makarani waliotoka katika shule za serikali. Lakini Mambo Leo ndilo lililodumu na kusambaa hadi bara. Serikali ilikuwa na shabaha zake: kufundisha kilimo bora na usafi, kutangaza amri, na kueneza Kiswahili kilichosanifiwa, kazi ambayo tangu 1930 ilisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Wasomaji nao walikuwa na shabaha yao, nayo ni kutunga. Mashairi yakaingia kwa wingi hata yakakusanywa na kuchapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1946 kwa jina la Mashairi ya Mambo Leo.

Anayefungua kurasa zile kwa mara ya kwanza huona kwanza kufanana. Shairi hili na lile yana umbo moja: beti za mistari minne, mstari wenye mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Ubeti wa kwanza humwomba mhariri nafasi, na ubeti wa mwisho hutaja jina la mtunzi, mji wake, pengine hata sanduku lake la posta. Msomaji wa leo huchoka haraka. Na niseme wazi kwamba mengi ya mashairi hayo ni dhaifu: vina vya kulazimisha, mawaidha yaliyokwisha kutolewa na wengine, sifa kwa wakubwa. Lakini anayesoma toleo moja tu ameona nusu ya jambo. Inabidi asome toleo la mwezi unaofuata, na la mwezi ule mwingine, maana shairi la gazetini lilikuwa nusu ya mazungumzo.

Mtunzi wa Tabora aliuliza swali kwa fumbo. Mtunzi wa Lindi akajibu, na desturi ilimtaka ajibu kwa vina vilevile. Wa tatu, kutoka Moshi au Unguja, akadai kuwa wote wawili wamekosea, na juu ya hayo mmoja wao amepunguza mizani katika ubeti wa tatu. Kujibizana huku hakukubuniwa na gazeti. Zamani za Muyaka, Mombasa na Lamu zilipelekeana mashairi ya kukejeliana na kutishana katika zama za vita. Gazeti lilichofanya ni kulipeleka baraza hilo mbali na pwani na kulifungua kwa mtu ambaye hakuzaliwa kwenye ukoo wa malenga, wala hakulelewa katika Kiswahili.

Mathias Mnyampala ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Alizaliwa Ugogo mwaka 1917, Mkatoliki, Kigogo kikiwa lugha yake ya kwanza. Akawa mwalimu, karani, liwali, na baadaye hakimu. Kwa asili yake hakuwa na dai lolote juu ya ushairi uliolelewa na masheikh wa pwani. Aliupata kwa kusoma na kwa kuandikiana na watunzi wengine, na alipofariki mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa watunzi waliotajwa kwanza nchini, amekwisha kuandika diwani, tenzi na historia ya Wagogo. Shaaban Robert naye, ambaye tumemfanya sanamu, aliajiriwa na idara ya forodha mwaka 1926, akapitia idara ya wanyama, ofisi ya jimbo Tanga na idara ya upimaji. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapishwa mwaka 2002, zinatuonyesha mtumishi wa kawaida wa serikali anayehangaika na familia, uhamisho na miswada. Kabla Pambo la Lugha halijatoka Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, jina lake lilikwisha kujulikana kwa wasomaji wa magazeti.

Je, mlango uliompokea Mnyampala ulikuwa upi? Jibu langu huwashangaza wanafunzi. Mlango ulikuwa zile kanuni tunazozilaumu kwa kumfunga mtunzi. Mizani huhesabiwa kwa vidole. Kina husikika kwa sikio. Karani wa Kasulu angeweza kukaa na taa yake ya mafuta na kujua, bila kumwuliza mtu mwenye shahada, kama ubeti wake umesimama au umeanguka. Na kama yeye hakujua, msomaji wa Pangani angemwambia mwezi ujao mbele ya watu wote. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ambaye baadaye alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya uhuru, alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 aliliweka jambo hilo wazi kwa kila mtu. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hicho kama ngome ya wahafidhina. Mimi nakisoma kama kitabu cha mafunzo kwa watu ambao hakuna chuo ambacho kingewapokea.

Usawa huo ulikuwa na mipaka. Ukurasa ulikuwa wa wanaume kwa sehemu kubwa mno. Majina ya wanawake ni machache, jambo la ajabu kwa lugha iliyotupa Utenzi wa Mwana Kupona katikati ya karne ya 19. Shule na kazi za ukarani vilikwenda kwa wavulana kwanza, na ukurasa ukafuata shule. Isitoshe, gazeti lenyewe lilikuwa mali ya serikali. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na watunzi wengi walikuwa watumishi wake. Ndipo fumbo likawa na kazi nyingine. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alitunga shairi la siafu waliomzonga nyoka hadi akashindwa nguvu. Aliyetaka kusoma habari za wadudu alisoma habari za wadudu. Wengine walihesabu siafu, wakajihesabu na wao.

Uhuru ukaja, magazeti yakaongezeka, na mtu angetarajia ukurasa ule ustawi zaidi. Kwa idadi, ulistawi. Ngurumo na Uhuru yalipokea mashairi, redio iliyasoma, na chama cha UKUTA kiliwaunganisha watunzi wa mikoa mbalimbali. Mwaka 1967 likatoka Azimio la Arusha, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi na alikwisha kutafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, aliwakutanisha washairi na kuwaomba wasaidie kulieneza kwa wananchi. Waliitika. Mnyampala, aliyekuwa kiongozi wa UKUTA, aliipa ngonjera umbo tulilolijua sote shuleni: watu wawili au zaidi wamesimama mbele ya hadhira, mmoja hajui au anapinga, mwingine anajua, wanapokezana beti.

Sina dharau kwa ngonjera. Zilifika vijijini mahali ambapo hotuba haikufika, na watoto wengi walijifunza kusimama mbele ya watu kwa sababu yake. Lakini tazama kilichotokea katika umbo. Ngonjera kwa sura ni majibizano, ila ni majibizano ambayo mwisho wake umekwisha kupangwa. Mpinzani lazima aelimike. Katika ubeti wa mwisho wote wawili wanasema kitu kimoja. Karani wa Tabora na mwenzake wa Lindi hawakulazimika kukubaliana. Mara nyingi ubishi wao uliisha kwa sababu mhariri alichoka, si kwa sababu mmoja ameongoka. Washairi walipoombwa wote wajibu swali moja kwa jibu moja, walipewa heshima ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na kwa mkono uleule walinyang'anywa wapinzani. Wapo wenzangu wanaosema kuwa taifa changa lilihitaji sauti moja. Huenda. Lakini mtu asiseme kwamba ushairi haukulipa gharama.

Pigo la pili lilitoka kwetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, na mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Wote walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walidai ushairi uachiwe huru na mizani na vina, na Kezilahabi alitetea lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku. Kichomi ni kitabu kikubwa na kila mwaka nakifundisha kwa furaha. Mgogoro uliofuata, ambao Jumanne Mayoka aliuandikia kitabu kizima katika miaka ya 1980, hufundishwa kama vita kati ya ukale na usasa, na mwalimu kwa kawaida humwachia mwanafunzi ajue nani alishinda.

Ninavyouona mimi, ulikuwa pia ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuamua kwamba hili ni shairi. Ukiondoa mizani, kipimo hakitoweki, kinahama. Kinatoka kwenye vidole vya karani na kwenda kwa mhakiki, na mhakiki ana ofisi chuoni. Hapo ndipo penye kinaya: lugha ikawa ya watu wa kawaida, lakini mtu wa kawaida hakujua tena aanzie wapi wala nani amsahihishe. Wale waliopiga kelele kwamba "hili si shairi" tuliwaona washamba. Wengi wao walikuwa watu waliopata nafasi katika taifa la herufi kwa njia moja tu, na walikuwa wakitazama njia hiyo ikitangazwa kuwa haina thamani. Hasira yao ilikuwa na hoja kuliko tulivyokubali.

Huenda msomaji akaniuliza kama nataka turudi kwenye vina. La. Ushairi huru umekwisha kutupa mengi, na nchini Kenya Taifa Leo limeendelea kuchapisha bahari za zamani kwa wasomaji wanaozipenda; nyumba ina nafasi ya wote. Ninachotaka ni jambo la kikazi zaidi. Tunapofundisha miaka ya 1923 hadi 1967, tusiruke kutoka kitabu hadi kitabu kana kwamba katikati palikuwa jangwa. Shaaban Robert asifundishwe kama mti uliootea peke yake jangwani. Alikuwa na wasomaji waliojua kutunga, na hao ni wasomaji wakali kuliko tulio nao sasa.

Kwa miaka kadhaa nimewapa wanafunzi wangu zoezi moja: chagua shairi moja la gazetini la miaka ya 1950, lililouliza swali, kisha utafute majibu yake yote. Wanaanza kwa kunung'unika. Baada ya wiki mbili wanabishana koridoni juu ya nani kati ya watunzi wawili waliokufa zamani alikuwa na haki, na mmoja au wawili wameanza kuhesabu mizani kwa vidole bila kuambiwa. Tatizo linalobaki ni la karatasi. Magazeti yale yalichapwa kwa karatasi duni ambayo sasa ni ya njano na inavunjika inapokunjuliwa, na katika majalada mengine kurasa zimekatwa kwa wembe. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alifuatilia ubishi wa miezi mitano kuhusu kama mali ni bora kuliko elimu. Alipata swali, majibu matatu, na dokezo la mhariri kwamba mwuliza swali ameleta jibu lake na litatoka toleo lijalo. Toleo hilo halikuwamo katika jalada. Bado analitafuta.