Njaa Iliyosubiri Picha

Tuketipo kuitazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, twadhani kwamba tukio limetangazwa kwa sababu ni kubwa. Njaa ya Ethiopia yatufundisha vingine.

Mwezi Machi 1984, tume ya serikali ya Ethiopia iliyoshughulikia misaada iliwaonya wafadhili kwamba mamilioni ya watu wangekosa chakula. Onyo lilikuwa na takwimu za kutisha, lakini takwimu hazina uso. Dunia haikushtuka.

Tarehe 23 Oktoba, runinga ya BBC ikaonyesha taarifa ya dakika chache kutoka Korem. Picha zilikuwa za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi; maneno yalikuwa ya Michael Buerk. Kamera ilipita polepole juu ya umati uliojifunika mashuka katika baridi ya alfajiri, na Buerk akaifananisha njaa ile na njaa ya Biblia. Vituo zaidi ya 400 duniani viliirusha. Tarehe 13 Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid, London na Philadelphia. Wapo waliookolewa kwa chakula kilicholetwa na picha zile, nasi hatuthubutu kuzibeza.

Hata hivyo neno lile, Biblia, latusumbua. Lilimfanya mtazamaji aone ukame tu, pigo la kale lisilo na mhusika. Vita vya serikali ya Mengistu Haile Mariam dhidi ya wapiganaji wa Tigray na Eritrea, mazao yaliyoteketezwa, masoko yaliyopigwa mabomu: hayo yalibaki nje ya picha. Laiti Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, kingefunguliwa! Njaa ya Samaria ililetwa na jeshi la Ben-hadadi lililouzingira mji, hata kichwa cha punda kikauzwa kwa vipande 80 vya fedha.

Watawala wa Addis Ababa, kwa upande wao, waliijua vema nguvu ya picha. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba 1974, siku aliyoondolewa Haile Selassie, runinga ya nchi hiyo ilionyesha filamu ya Jonathan Dimbleby juu ya njaa ya Wollo, ikichanganywa na picha za anasa za mfalme. Miaka 10 baadaye, wanajeshi walewale waliokwisha kutwaa madaraka waliwazuia wanahabari kwenda kaskazini hadi sherehe za mapinduzi yao zipite.